Nguo nzima hazipati mteja mtandaoni, manukato yaliyobaki nusu chupa yanagombaniwa. Kwa nini?

#1 KabatiLimejaa
Habari wadau. Nimeamua kupunguza vitu ndani. Nimeweka nguo kwenye masoko ya mtandaoni, nguo nzuri kabisa, nyingine sijawahi kuzivaa na lebo ya dukani bado inaning'inia. Humo humo nikaweka chupa chache za manukato ambazo hazikunikaa. Zilishapulizwa, mojawapo imebaki nusu.

Chupa zimeondoka upesi na bado watu wananiuliza kama ninazo nyingine. Nguo zimekaa tu. Watu wanabonyeza kamoyo na kupita. Wachache wanauliza "bado ipo?", nikijibu ndiyo, kimya.

Mimi nilitegemea kinyume. Nguo ukiifua na kuipiga pasi inarudi kuwa nguo. Manukato yakishafunguliwa hayana namna ya kurudi kuwa mapya. Wenye uzoefu nisaidieni, shida ni bei, ni picha, au watu hawataki tu nguo za mtu mwingine?

#2 MpitaNjia
Bei. Shusha uone.

#3 NusuChupa
Mimi nauza na kununua manukato ya mkononi muda mrefu, kwa hiyo nakuja upande huo. Mleta uzi, chupa yako haihitaji kuelezwa. Ukiandika jina, ukaandika kama ni odetoleti (nyepesi) au odepafyumu (nzito zaidi), na mililita zilizobaki, mnunuzi amemaliza. Anajua inanukaje kuliko unavyojua wewe. Pengine amewahi kuimaliza, sasa anatafuta nyingine. Hakuna anayeuliza "itanitosha?"

La pili, nusu chupa si kidogo. Pulizo moja la kawaida ni kama sehemu ya kumi ya mililita, kwa hiyo chupa ya mililita 100 ikibaki nusu bado ina mapulizo kama 500. Mtu anayepuliza mara tatu au nne kwa siku anakaa nayo miezi. Ndiyo maana wengine wananunua chupa, wanaigawa kwenye vichupa vya mililita 5 na 10 (sisi tunaviita dikanti) na kuviuza kimoja kimoja.

La tatu ndilo linaloleta ugomvi: fomula zinabadilishwa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku Lilial, kemikali ya kutia harufu, kwenye vipodozi kuanzia tarehe 1 Machi 2022. Kabla ya hapo Lyral nayo iliondolewa, pamoja na atranol na chloroatranol zinazopatikana kwenye dondoo ya kuvumwani wa mwaloni (oakmoss). Makampuni yakalazimika kupika upya manukato yao mengi huku jina na chupa vikibaki vile vile. Mtu aliyezoea harufu ya zamani haipati dukani tena. Iko kwenye makabati ya watu kama wewe. Nakushauri uangalie ulichouza kilikuwa cha mwaka gani, huenda umekiachia chini ya thamani yake.

#4 FundiPindo
Naunga mkono #3 kwenye suala la "itanitosha". Hapo ndipo nguo inapokufa.

Mtoa mada, umeandika saizi gani kwenye matangazo yako? Kama umeandika "M" au "12" basi hujaandika kitu. Gauni la 12 la Uingereza kwa kawaida ni 8 ya Marekani, 40 ya Ufaransa, 38 ya Ujerumani na 44 ya Italia. Hapo bado kila kampuni haijaweka yake. Marekani walikuwa na kipimo cha serikali cha nguo za kike kilichotoka 1958, wakakifuta 1983. Tangu hapo kila mwenye kiwanda anakata anavyojua. 12 ya leo ina nafasi kubwa kuliko 12 ya zamani, na yeyote anayeshona anajua hilo akishika nguo mbili za miaka tofauti.

Fanya hivi. Tandaza nguo mezani bila kuivuta. Pima kwapa hadi kwapa, pima kiuno, pima urefu kutoka begani hadi kwenye pindo. Suruali pima kiuno, paja, mshono wa ndani wa mguu, na kina cha kuanzia kiunoni hadi pale miguu inapokutana. Hicho cha mwisho wengi wanakiruka, na ndicho kinachorudisha suruali nyingi. Andika kwa sentimita. Kisha andika kitambaa kama kilivyo kwenye lebo ya ndani. Mtu akiona "pamba 100%" anajua itakavyokaa na itakavyofulika. Ukiandika "kitambaa kizuri laini" anapita.

Na useme kama inavutika. Nguo yenye elastani kidogo inasamehe, isiyo nayo haisamehi.

#5 KabatiLimejaa
Asante #4, nitapima zote. Ni kweli nimeandika M na L tu. #2, bei nimeshaishusha, sasa iko chini ya nusu ya niliyonunulia.

#6 HesabuKali
Bei uliyonunulia haimhusu mnunuzi hata kidogo. Nalisema hili kwa nia njema kwa sababu naliona kila siku. Mwaka 1990 watafiti Kahneman, Knetsch na Thaler walichapisha majaribio yao ya vikombe. Nusu ya washiriki walipewa kikombe, nusu hawakupewa, kisha wakaambiwa wauziane. Waliokuwa na kikombe walitaka takriban mara mbili ya kile wasiokuwa nacho walichokuwa tayari kutoa. Kikombe kile kile, na walikuwa wamekishika kwa muda mfupi tu. Sasa fikiria gauni ulilolichagua mwenyewe na kulitunza kabatini.

Nenda kwenye soko lenyewe, chuja uone zile ZILIZOUZWA, si zile zilizowekwa. Zilizowekwa ni ndoto za wauzaji. Zilizouzwa ndiyo bei.

#7 Kimori
#6 uko sahihi kwa bei, lakini hiyo haijibu swali. Manukato nayo aliyanunua na kuyachagua mwenyewe. Kwa nini huko hakujipunja wala kuzidisha?

#8 HesabuKali
Kwa sababu manukato hakuyapenda, kasema mwenyewe pale #1. Nguo anazipenda bado. Bei zake zinaonyesha.

#9 NusuChupa
Mnamchambua mtoa mada kama mgonjwa jamani. Akae tu atulie.

#10 ShambaLaLavenda
Nina wasiwasi na #3. Manukato yana muda. Kwenye boksi kuna alama ya kopo lililofunguliwa na namba ndani, kama 12M, 24M au 36M. Hiyo ni miezi tangu kufunguliwa. Chupa ya miaka kumi iliyopita imepita kabisa. Kuuza kitu hicho ni kumdhulumu mtu.

#11 NusuChupa
Alama hiyo ipo kwa sababu sheria ya vipodozi ya Ulaya, namba 1223/2009, inataka bidhaa inayodumu zaidi ya miezi 30 ioneshe muda wa matumizi baada ya kufunguliwa badala ya tarehe ya mwisho. Ni muda ambao mtengenezaji anasimamia bidhaa yake. Haina maana mwezi wa 37 inageuka sumu. Pombe iliyomo ni nyingi mno, vijidudu haviishi humo kirahisi.

Kinachoharibu manukato ni mwanga, joto na hewa. Chupa iliyokaa ndani ya boksi lake, kwenye droo yenye giza, inaweza kuwa salama miaka mingi. Ile iliyokaa dirishani au bafuni huenda imekwisha ndani ya muda mfupi. Vinavyotangulia kufa ni harufu za mwanzo, hasa za jamii ya ndimu na machungwa, kwa sababu limonene inaungana na oksijeni haraka. Ukipuliza ukakutana na kitu kikali kama rangi ya kucha, halafu baada ya dakika kadhaa kinatulia na harufu unayoijua inarudi, basi ni mwanzo tu umekufa. Ikibaki chungu hadi mwisho, usiiuze.

Rangi isikutishe yenyewe. Vanilini inafanya maji yawe ya kahawia kadiri muda unavyokwenda, hata kama harufu iko vizuri.

#12 ShambaLaLavenda
Ngozi je? Limonene iliyoungana na oksijeni inajulikana kusababisha mzio wa ngozi. Kwa hiyo "haigeuki sumu" ni kauli pana mno kwa mtu anayeuza kwa mgeni. Muuzaji aandike mwaka na namna ilivyohifadhiwa, mnunuzi aamue mwenyewe.

#13 NusuChupa
Kwenye kuandika mwaka na hifadhi tuko pamoja. Namba ya bechi iko chini ya chupa na chini ya boksi. Zipige picha zote mbili. Zikitofautiana, boksi si la chupa hiyo, na mnunuzi mjuzi ataliona kabla yako. Ila wajue kwamba wanaotengeneza feki nao wananakili namba za bechi halisi, kwa hiyo namba kusoma vizuri si uthibitisho.

#14 WakiliWaBarazani
Nimesoma uzi wote, naona hakuna aliyegusa testa. Mtoa mada, kama chupa zako ni za kawaida, ruka bandiko langu. Kama kuna iliyoandikwa kuwa ni ya maonyesho na si ya kuuzwa, soma.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya L'Oréal (kampuni ya vipodozi) dhidi ya eBay (soko la mtandaoni) tarehe 12 Julai 2011. Moja ya yaliyoamuliwa: testa ambazo kampuni inawapa wauzaji wake kwa ajili ya wateja kujaribu hazihesabiki kuwa zimeingizwa sokoni. Kwa hiyo kampuni inaweza kuzuia zisiuzwe. Kesi hiyo hiyo ilisema kuondoa boksi la bidhaa kunaweza kuwa kosa, kama kunaondoa taarifa zinazotakiwa kisheria au kunaharibu sura ya chapa.

Sasa kwa mtu wa kawaida anayepunguza kabati: mahakama ilitofautisha. Anayeuza mali yake binafsi nje ya biashara, sheria ya alama za biashara haimfuati kwa njia hiyo. Lakini mauzo yakizidi kwa wingi na kwa mara kwa mara, unaingia upande wa biashara hata kama wewe unajiita "napunguza tu".

#15 Kimori
Ndiyo maana nasikia eBay walitozwa faini ya mamilioni kwa sababu ya pafyumu feki huko Ufaransa.

#16 WakiliWaBarazani
Mkuu, mambo mawili yamechanganyika hapo. Mahakama ya biashara ya Paris, tarehe 30 Juni 2008, iliiamuru eBay ilipe makampuni ya LVMH (kundi la Ufaransa la bidhaa za anasa) takriban euro milioni 38.6. Ilikuwa fidia, si faini. Feki zilizolalamikiwa zilikuwa hasa mikoba na nguo. Upande wa manukato ya Dior, Guerlain, Givenchy na Kenzo hoja ilikuwa tofauti: hata yaliyo halisi yalizuiwa, kwa sababu makampuni hayo yanauza kupitia wauzaji waliowachagua wenyewe tu. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ilipunguza fidia hadi karibu milioni 5.7.

#17 Kimori
Halisi nayo ikazuiwa! Basi hilo linaeleza kwa nini mkononi inagombaniwa. Makampuni yanabana milango, watu wanapitia dirishani.

#18 MzigoMwepesi
Mnakwenda mbali. Mimi naona jibu liko kwenye kusafirisha. Koti zito linakula gharama ya posta mpaka mnunuzi anaona bora anunue jipya. Chupa ni ndogo, inatoshea kwenye kiboksi.

#19 PostaMakini
#18 hapana, tena hapana kabisa. Manukato yenye pombe yanahesabiwa kuwa mzigo wa hatari. Kimataifa yana namba UN 1266, daraja la 3, vimiminika vinavyowaka. Posta ya Marekani haiyapokei kwenda nchi za nje, na ndani ya nchi yanakwenda kwa barabara tu, si kwa ndege. Royal Mail ya Uingereza inayapokea kwa ndani ya nchi peke yake, chupa isizidi mililita 150, zisizidi nne kwenye kifurushi, tena ziwe kwenye maboksi yake ya dukani. Nguo unaituma popote bila mtu kukuuliza.

Kwa hiyo kwa usafirishaji, nguo ndiyo ingepaswa kushinda. Na tafadhali msiandike "vipodozi" kwenye fomu kuficha pafyumu. Chupa ikivuja ndani ya ndege si suala la kifurushi chako pekee.

Kufunga: zungushia shingo ya chupa utepe usiong'ang'ania, weka kifuniko, mfuko wa plastiki uliofungwa, karatasi ya viputo, kisha boksi gumu. Tikisa. Ukisikia kitu kinacheza, fungua uanze upya.

#20 MzigoMwepesi
Nimekuelewa kwa sheria za posta. Lakini wengi hapa wanakutana na mnunuzi uso kwa uso, na huko koti bado linaachwa.

#21 Tafakuri
Ruhusuni nijaribu kuunganisha #3 na #4. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alieleza soko la magari yaliyotumika: muuzaji anajua gari lake lina ubovu gani, mnunuzi hajui, kwa hiyo mnunuzi anatoa bei ya wastani au anaacha. Wenye magari mazuri wanaona wanapunjwa, wanatoka sokoni, yanabaki mabovu. Baadaye, 2001, alipata Nobeli pamoja na wenzake wawili.

Nguo iko hapo hapo. Kila nguo iliyotumika ni ya peke yake, na wewe pekee ndiye unayejua kama kwapa limefifia au mshono umeshaanza kuachia. Manukato yana jina linalojieleza, ndiyo yanauzika.

#22 ShambaLaLavenda
Ingekuwa hivyo, manukato ndiyo yangeshindwa kabisa. Doa la nguo linaonekana kwenye picha. Kilichomo ndani ya chupa hakionekani, na feki ni nyingi. Kwa hoja ya Akerlof, chupa iliyofunguliwa ndiyo gari bovu lenyewe.

#23 Tafakuri
Hoja nzito. Labda kilichofunguliwa na kutumika nusu ndicho kinachotuliza watu: hakuna anayetumia nusu ya feki.

#24 NusuChupa
Wapo wengi tu wanaotumia feki yote hadi mwisho bila kujua. Lakini umegusa kitu. Mimi mwenyewe naamini zaidi chupa iliyotumika kidogo kuliko iliyofungwa nailoni inayouzwa kwa bei ya ajabu.

#25 FundiPindo
Mnasahau majira. Sweta likiwekwa wakati wa joto litakaa tu. Manukato hayana msimu kwa kiasi hicho. Mleta uzi umeweka nini na nini?

#26 KabatiLimejaa
Makoti mawili, masweta, magauni ya sherehe, mashati ya kazini.

#27 FundiPindo
Mashati ya kazini yauze kwa mafungu, saizi moja pamoja. Gauni la sherehe lipige picha likiwa limevaliwa au kwenye sanamu, likitundikwa kwenye hanga linaonekana kama pazia. Picha zote kwa mwanga wa mchana, mbele, nyuma, lebo, na doa kama lipo. Doa liweke picha ya karibu, usilifiche. Mnunuzi akilikuta mwenyewe atadai kitu hakifanani na maelezo, na masoko mengi yatamrudishia pesa yeye.

#28 Nyumbani_Kwao
Vinted, soko la mtandaoni la nguo zilizovaliwa, nao walianza kwa shida hii hii. Mwaka 2008 huko Vilnius, Lituania, Milda Mitkutė alikuwa anahama nyumba na ana nguo nyingi kupita nafasi, rafiki yake Justas Janauskas akamtengenezea tovuti ya kuzitoa. Leo ni soko kubwa, na muuzaji hakatwi, anayelipa ada ya ulinzi ni mnunuzi. Kuna masoko mengine yanamkata muuzaji asilimia kubwa. Soma kabla hujapanga bei.

#29 HesabuKali
Na kodi. Walioko Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2023 masoko yanatakiwa kupeleka taarifa za muuzaji kwa mamlaka ya kodi (sheria inaitwa DAC7). Asiyefikisha mauzo 30 kwa mwaka na asiyezidi euro 2,000 anaachwa. Kuripotiwa si kutozwa. Kuuza gauni lako kuukuu kwa hasara kwa kawaida si faida ya kutozwa.

#30 Salma_M
Wapendwa, samahani kwa kuingilia. Mimi nimewekewa kiungo na mtu anayesema ameshalipia koti, nijaze namba ya kadi ili pesa iingie. Ni kawaida?

#31 PostaMakini
Dada usijaze. Pesa kuingia kwako haihitaji namba ya nyuma ya kadi wala namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Funga hicho kiungo, ingia mwenyewe kwenye programu ya soko, uone kama malipo yapo. Na ukiambiwa mhamie kwenye ujumbe wa nje, kataa. Ulinzi wa soko unaishia mlangoni mwake.

#32 Salma_M
Nimeingia, hakuna malipo yoyote. Mungu awabariki.

#33 Kimori
Turudi kwenye chupa. Nimeona watu wananunua chupa TUPU za manukato ya bei kubwa. Kuna anayejua ni za nini?

#34 NusuChupa
Wengine ni wakusanyaji, chupa za zamani za kioo cha Lalique, fundi kioo wa Ufaransa, zina watu wake. Wengine wanajaza maji yao na kuziuza kama mpya. Mimi chupa yangu ikiisha nakwaruza namba ya bechi na kung'oa kipulizio.

#35 Nyumbani_Kwao
Mimi naziuza tupu na sioni kosa. Mnunuzi akifanya uhalifu ni wake.

#36 ShambaLaLavenda
#35, ukimuuzia mtu chupa yenye boksi lake na namba inayosomeka, umemkabidhi kila kitu isipokuwa maji. Anayekuja kuipaka ngozini ni mtu asiyewajua nyote wawili. Uza bila boksi angalau.

#37 Nyumbani_Kwao
Bila boksi haina bei.

#38 WakiliWaBarazani
Hilo lenyewe linakuambia mnunuzi anatafuta nini.

#39 Nyumbani_Kwao
Si lazima. Wakusanyaji nao wanataka boksi. Sikubali kwamba wote ni matapeli.

#40 KabatiLimejaa
Nimepima nguo zote na kubadilisha maelezo. Koti moja limeulizwa urefu wa mkono, nalo sikulipima mkono. FundiPindo, mkono unaanzia wapi, begani au shingoni?

#41 FundiPindo
Kwenye mshono wa bega hadi mwisho wa mkono. Kama koti halina mshono wa bega, anzia katikati ya shingo nyuma, na uandike kwamba umeanzia hapo.